Kiti cha Hadji Kiko Mbele

Nimestaafu mwaka huu. Magoti yaliamua kabla yangu, nami nikayatii. Kazi ya protokole haina ofisi, kwa hiyo hakukuwa na karamu ya kuniaga, na hata ingekuwepo, najua wangeniomba mimi mwenyewe nije kupanga viti. Ninyi vijana mnaochukua nafasi yangu, mnaovaa suti za kubana na kuniambia, "Papa Amisi, kazi ni kuelekeza bantu tu," haya nawaandikia ninyi. Nililipwa nini sitasema. Nitasema nilimkalisha nani wapi, maana vita vyote nilivyoviona maishani vilianzia kwenye kiti.

Kwa asiyeujua mji wetu: protokole ni yule anayesimama mlangoni mwa harusi, kilio au maulidi hapa Lubumbashi, akiwapokea wageni, kuwapeleka kwenye viti vyao na kuyataja majina yao kwenye mikrofoni. Mpishi akiunguza wali, watu watakula na kusengenya kidogo, kesho wamesahau. Protokole akimweka mkwe nyuma ya nguzo, wajukuu wa mkwe huyo watakuja kuulizia nguzo hiyo.

Nilifanya kazi zaidi kwa Waislamu wenzangu, familia za Maniema na zile ambazo babu zao walitoka pwani, na baadaye kwa kila aliyeleta duka lake hapa kutoka mbali. Shule yangu yote ilikuwa neno moja: Hadji. Kwa maana yake ya asili, Hadji ni mtu aliyekwenda Makka kuhiji akarudi. Kwa maana niliyoikuta kazini, Hadji ni mtu anayetaka kukaa mbele.

Aliyeniingiza kwenye kazi hii ni Papa Sefu, mzee mwembamba wa mtaa wetu uitwao Kenya, aliyekuwa na viti vya kukodisha na uvumilivu wa punda. Alinikuta sokoni nikiuza nguo za mitumba kwa kelele. Akasimama, akasikiliza, akasema, "Voix, sauti ya nguvu, uko nayo. Sasa tutakufundisha kunyamaza." Wiki ile ile nikavaa shati jeupe, nikasimama mlangoni mwa harusi yangu ya kwanza.

Akaingia mzee mmoja, kanzu inang'aa, kofia ya kutarizi, fimbo mkononi, anatembea polepole kama mtu ambaye dunia inamngoja. Nikamshika mkono, nikampeleka mpaka safu ya mbele, kati ya Mahadji wawili, nikatangaza kwa sauti yangu ya mitumba: "Hadji wetu amefika!" Papa Sefu akanijia mbio.

"Ule njo analeta mbuzi," akaninong'oneza. "Alikuya kungojea ngozi."

"Nilimuona na kanzu, papa."

"Kanzu haisemi kintu. Hata miye niko nayo."

Nikataka kwenda kumwinua. Papa Sefu akanikamata shati na kunipa sheria ya kwanza ya kazi yetu: kwenye mikrofoni mtu anapanda tu, hashuki. Ukimpandisha asiyestahili, watu watacheka wiki moja. Ukimshusha aliyekwisha kukaa, umepata adui hadi kaburini. Basi muuza mbuzi akala harusi yote akiwa katikati ya Mahadji, akaombwa hata asome dua, akaisoma vizuri kuliko wao. Tangu siku ile mtaa mzima ukamwita Hadji. Leo wanawe wana duka, na jina la duka mnaweza kulikisia wenyewe.

Sheria nyingine za Papa Sefu zilikuwa fupi. Usimuulize mtu cheo chake, maana atajipandisha. Muulize mke wake. Weka daima kiti kimoja cha akiba, kizuri kuliko vyote, kimefunikwa shuka na kufichwa jikoni, kwa ajili ya mkubwa ambaye hakualikwa. Mfukoni usikose pini, leso safi na peremende. Pini ni ya joho lililochanika, leso ni ya kufutia mikrofoni baada ya wenye kupenda kuhubiri, na peremende ni ya yule aliyekasirika kwa sababu hakutajwa. Msicheke. Nimezima fitina nyingi kwa peremende.

Baadaye mji ukajaa wageni wa migodi na biashara, na neno letu likarudi kwetu kwa kila lafudhi. Watu wa Afrika Magharibi walisema El Hadji, Wahindi na Wapakistani wana lao, Waturuki wana lao, na wote walikuwa na haki nalo, au walisema wanayo. Siku moja, kwenye ndoa ya mfanyabiashara wa vitambaa, nilisema tu, "Hadji, karibu mbele," bila kutaja jina. Safu nzima ikasimama. Na safu ya pili ikasimama. Nyuma kabisa akasimama Jean-Pierre, shemasi wa kanisa moja la uamsho, ambaye alinunua duka kutoka kwa mtu wa Mali na kuliacha bango la zamani juu ya mlango, "Chez El Hadji". Wateja walimwita hivyo, polisi wa barabarani walimwita hivyo, na mwisho yeye mwenyewe akawa anaitika. Nikamtazama. Akanitazama. Akaja mbele, na kwa sheria ya Papa Sefu nikampa kiti.

Msidhani nawadharau waliokwenda. Wapo waliokwenda kwa miguu ya moyo, wakarudi wakanyamaza. Namkumbuka mama mmoja wa Kamalondo, muuza mikate. Nilipomwita Hadja mbele za watu alinivuta sikio palepale. "Ile ni ya miye na Mungu," akasema. "Weye uniweke karibu na ventilateur, nipate upepo." Huyo alikuwa mmoja. Waliobaki walikuwa na kadi za biashara zimeshachapishwa kabla ndege haijaondoka uwanjani Luano. Wapo waliokwenda omra, ile ziara ndogo ambayo unaweza kuifanya wakati wowote, wakarudi na cheo cha hija kubwa. Tofauti ya hizo mbili watu wa dini wanaijua, na watu wa biashara wanaisahau wakiwa bado hewani. Tunafundishwa kwamba mwenye kuhiji vyema anarudi kama mtoto aliyezaliwa leo. Nimewapokea wengi, na naweza kushuhudia: anataka kubebwa, na analia akinyimwa kiti.

Kesi ngumu kuliko zote niliipata miaka ya mwisho, mtaani Ruashi, kwenye harusi ya Salima.

Baba yake Salima ni Ramazani, dereva wa lori linalobeba shaba kutoka upande wa Kinsevere. Mkewe alifariki binti akiwa bado mdogo, na Ramazani hakuoa tena. Alikwenda na mtoto safarini siku ambazo jirani hakuwepo wa kumwangalia, na alijifunza kumsuka nywele kwenye kabini ya lori, foleni ya magari ikiwa imesimama. Nywele zenyewe zilikuwa zinatoka zimepinda upande mmoja, lakini mtoto alikuwa anakwenda nazo shule kichwa juu.

Kaka yake Ramazani, yaya wake kama tunavyomwita kaka mkubwa huku, ni Hadji Masudi, muuza vipodozi mjini. Alikuwa amekwenda omra. Alirudi na joho jeusi lenye ukingo wa dhahabu, na kuanzia hapo hakuna aliyemwona bila joho hilo, hata Novemba, joto linapowaingiza mbwa chini ya magari. Yeye ndiye aliyeniita kazini, na yeye ndiye aliyepanga kila kitu.

Nieleze jambo moja kwa wasiokuwa wa dini yetu. Kwetu baba ndiye anayemwoza binti yake. Anakaa mkekani mbele ya imamu, anamshika bwana harusi mkono, anatamka maneno, na ndoa imefungwa. Anaitwa walii. Baba akiwa hai, hakuna wa kumnyang'anya nafasi hiyo, ila akipenda anaweza kumpa mwingine uwakili aseme kwa niaba yake. Basi familia ya bwana harusi walikuwa wafanyabiashara wakubwa, na kikao cha ukoo wa Ramazani kikaona ni aibu mkono wa kijana wao ushikwe na dereva. Ramazani akaambiwa ampe Hadji uwakili.

Nilikwenda nyumbani kwake Ruashi kupima ua. Nyumba ni yake mwenyewe, aliijenga tofali kwa tofali kila aliporudi safari. Nikamkuta anafagia vumbi la malori ya mgodi.

"Papa Amisi," akasema, "miye utaniweka fasi gani?"

"Weye uko baba ya bibi. Uko mbele."

"Hapana. Hadji alisema niikale nyuma, karibu na bantu ba sono, bale ba spika. Yeye njo ataoza mutoto."

"Na weye unasema nini?"

Akaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi. "Miye nitasema nini? Yeye iko Hadji. Miye niko chauffeur, mikono yote ni mafuta. Bale bantu ni bakubwa. Sitaki mutoto apate haya juu yangu."

Pazia la mlango likafunguka. Salima alikuwa amesimama pale, ameyasikia yote.

"Papa Amisi, munisikie. Kama si baba njo ananioza, imamu akikuya kuniuliza kama ninakubali, sitajibu."

Ilibidi nimwambie ukweli. "Mama, bibi-arusi akinyamaza, sheria inasema amekubali."

Akafikiri kidogo. "Bon. Basi nitasema hapana. Na ku mikrofoni."

Nikamtazama usoni, nikaona hatanii. Ramazani akaweka ufagio chini, akaenda nyuma ya nyumba, na nilijua anakwenda kulia mahali ambapo hatutamwona. Binti alimpenda yule kijana, nalijua hilo. Mtaa wote ulilijua. Akisema hapana mbele ya wazee wale, kijana amempoteza, na baba atabeba lawama hadi kufa. Akikaa kimya, baba atamsikiliza mtu mwingine akimwoza mwanawe, yeye amekaa kati ya spika na jenereta. Niliondoka pale nina hasira na kila mtu aliyewahi kuvaa joho.

Sasa, mngefanya nini? Mmoja wenu aliwahi kuniambia angekwenda kumweleza Hadji ukweli. Huyo atafute kazi nyingine. Mtu wa aina ile ukimwomba ashuke ngazi moja, anapanda mbili kukuonyesha. Nilikumbuka kwamba mtu anapanda tu, hashuki, nikaamua kumpandisha.

Nikamfuata dukani, katikati ya sabuni na krimu za kung'arisha uso. "Hadji," nikamwambia, "siku mingi ninafikiri. Muntu kama weye hawezi kuikala chini ku mukeka na bantu bote."

Akaacha kuhesabu chupa. "Unasema nini?"

"Nitakuwekea jukwaa."

"Juu namna gani?"

"Juu kupita imamu. Na fauteuil, kiti kubwa ya mfalme, ile ya kitambaa ya velours nyekundu. Na maua fasi zote. Utakuwa unaona bantu bote, na bote banakuona."

Akagusa ukingo wa joho lake. "Na dhahabu itaonekana mu picha?"

"Itaonekana mpaka Kasumbalesa."

Alicheka kwa furaha, akanipiga begani, akasema mimi ndiye protokole wa kwanza mjini anayejua maana ya heshima. Hakuuliza mkeka wa ndoa utatandikwa wapi, nami sikuona sababu ya kumchosha na mambo madogo.

Siku yenyewe ilifika. Hema lilikuwa limejaa, malori yanapita nyuma ya ukuta, vumbi jekundu linashuka taratibu juu ya pilau. Nilimwacha Hadji Masudi aingie wa mwisho. Nikamtaja kwa vyeo vyote nilivyovijua na vingine nilivyovitunga njiani: Hadji, mzee wa wazee, nguzo ya ukoo, taa ya biashara, doyen wa wasafiri wa Nyumba Takatifu. Kila neno lilimwongezea unene. Akapanda jukwaani, akazama kwenye fauteuil ambayo ni rahisi kuingia na taabu kutoka. Nikamwekea meza ya tende magotini, maua kulia, maua kushoto, na mto chini ya miguu. Alionekana kama keki.

Mkeka ulikuwa chini, katikati ya hema. Imamu alikuwa amekaa hapo na bwana harusi na mashahidi. Imamu huyo alikuwa mzee mkali ambaye goti moja halikunjiki na ambaye siku ile alikuwa na ndoa nyingine ya kufungisha mbali. Salima alikuwa ndani na wanawake, na spika ilikuwa dirishani kwao, maana mimi mwenyewe niliiweka pale.

"Walii ya bibi iko wapi?" imamu akauliza.

Hadji Masudi akainua kidole kule juu.

Imamu akamtafuta kwa macho, akampata kati ya maua. "Ule? Mukono yake itafika hapa?"

Watu wakacheka. Hadji akaanza kuinuka, meza ya tende ikayumba. Nikaikamata mikrofoni kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu! Muntu alizunguka Kaaba kwa miguu yake, leo sisi tumushushe mu vumbi ya Ruashi?"

"Hapana!" hema lote likaitikia.

"Tumusumbue?"

"Hapana!"

Wakapiga takbira, wakapiga makofi, na waliopiga kwa nguvu kuliko wote walikuwa wanawe mwenyewe. Nilimwona Hadji Masudi amesimama nusu, goti limekunjwa, anasikiliza makofi. Alijua fika kinachoendelea. Si mjinga yule. Mjinga hauzi sabuni miaka yote hiyo. Lakini makofi yalikuwa matamu, wapiga picha walikuwa tayari, na mtu aliyepigiwa makofi kwa sababu hashuki anashukaje? Akarudi kuketi. Akapunga mkono.

Imamu alikuwa ameshachoka nasi. "Baba ya mutoto, yeye iko muzima?"

Sauti ndogo ikatoka nyuma ya spika. "Niko, Imamu."

"Ulimupa muntu uwakili?"

Mimi naweza kupanga viti, lakini jibu hilo halikuwa langu. Ramazani alisimama, shati jeupe, mikono ameificha nyuma. Akamtazama kaka yake kule juu. Akalitazama dirisha la wanawake.

"Balisema nimupe," akajibu. "Sikumupa."

"Basi kuya, unatukawisha."

Akaja. Alipita kati ya wale wakubwa wa upande wa pili akiomba samahani kwa kila mmoja, akakaa mkekani, akautoa mkono wake. Ulikuwa umesuguliwa mpaka ngozi imekuwa nyekundu, na bado weusi wa grisi ulionekana kwenye kucha. Bwana harusi aliushika bila kusita, na hapo nikampenda yule kijana.

Imamu akauliza dirishani kama Salima anakubali, na jibu likaja kabla hajamaliza: "Ninakubali!" Nikasogeza mikrofoni mdomoni mwa Ramazani. Akasema: "Nimekuoza binti yangu Salima, kwa mahari tuliyokubaliana." Kijana akasema amepokea. Kule dirishani vigelegele vikatoka vikali mpaka spika ikapiga mluzi, na ndani ya vigelegele vile nilimsikia mmoja anaita "Baba! Baba!" kama mtoto. Nilifurahi mpaka nikatumia leso yangu ya mikrofoni kwa kazi nyingine.

Kwa desturi yetu, bibi-arusi akitoka anaanza kumsalimia mkubwa wa ukoo, na picha kubwa inapigwa hapo. Hadji Masudi alikuwa tayari, amepanga ukingo wa dhahabu magotini. Salima akatoka, shela inaburuta vumbi, wanawake nyuma yake. Akafika mbele ya jukwaa. Akapita. Akaenda mpaka mkekani, akakusanya gauni lake lote kubwa, akakaa chini ubavuni mwa baba yake na kumlalia begani. Wapiga picha wakahamia huko wote.

Hadji akaniita kwa kidole. Kazi ni kazi, nikaenda kuinama sikioni mwa bibi-arusi.

"Mama, baba mukubwa anakungojea kule juu."

Hakuinua kichwa. "Mumwambie ashuke."

Nikapanda jukwaani, nikamfikishia maneno yale yale, sikuongeza cheo wala sikupunguza. Akageuka kulitazama hema. Hapakuwa na makofi tena. Watu wote walikuwa wamempa mgongo, hata wanawe. Nikaondoa meza, nikaondoa maua, nikampa mkono, maana fauteuil ile ilikuwa haimwachii. Akateremka anashikilia joho lisimkwaze, akavuka hema peke yake, akasimama ukingoni mwa mkeka kama mtu ambaye hajui kama amealikwa.

Ramazani akamwona. Akasogea kidogo, akaupiga mkeka kwa kiganja.

"Ikala, yaya."

Masudi akavua viatu, akakaa.